Denmark wanawezaje kusimama na Indonesia na China kwenye badminton?

Mwalimu_Tanga

Habari za jioni wana jamvi.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Tanga. Nina kundi la wanafunzi wanaocheza badminton jioni baada ya vipindi. Uwanja wetu ni wa nje, wavu tunaufunga kwenye nguzo za netiboli, na vinyoya tunavyopiga (badala ya mpira) ni vya plastiki kwa sababu vile vya manyoya halisi upepo wa bahari unavichukua kabla havijavuka wavu.

Wiki iliyopita niliwakusanya nikawaonyesha fainali ya mwaka 2016 ya Thomas Cup, kombe la dunia la timu za wanaume, Denmark na Indonesia, iliyochezwa Kunshan, China. Denmark walichukua kombe kwa 3–2, timu ya kwanza ya Ulaya kulichukua. Darasa zima lilipiga kelele utadhani ni Simba na Yanga. Kisha wakaja na maswali mawili, nayaleta kwenu kama yalivyo.

La kwanza: Denmark wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 5.7. Sensa yetu ya 2022 imeipa Dar es Salaam peke yake zaidi ya milioni 5.3. Indonesia wamepita milioni 250, na kwao huu ni mchezo wa watoto wa kila kichochoro. Inawezekanaje?

La pili limewasumbua zaidi. Viktor Axelsen, nyota wa Denmark, alikuwemo kwenye timu ile. Mbona mambo yalipofika 2–2 hakupewa yeye mechi ya mwisho? Aliingia Hans-Kristian Vittinghus, mtu ambaye hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyekuwa amewahi kumsikia. Mwenye kujua aeleze kituo kwa kituo, nitawasomea majibu darasani.

Mama_Salma_Aarhus

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa moyo huo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Brabrand, kando ya mji wa Aarhus. Binti yangu anacheza badminton hapa tangu enzi ambazo raketi ilikuwa inamzidi kimo, na mimi mwenyewe Jumamosi asubuhi nasaidia kufundisha wale wadogo kabisa. Haya mambo nayaona kila wiki, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Naanza na swali la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza. Thomas Cup ni mechi tano: tatu za mmoja mmoja na mbili za wawili wawili, wa kufikisha tatu ndiye mshindi. Kocha anachagua nani aingie kikosini, lakini hachagui nani awe wa kwanza na nani wa mwisho. Wachezaji wa mmoja mmoja wanapangwa kwa orodha ya ubora wa dunia: aliye juu anatangulia, anayemfuata wa pili, wa tatu anafunga dimba. Na hakuna ruhusa ya mtu kucheza mechi mbili za mmoja mmoja katika pambano moja.

Kwa hiyo Axelsen alikuwa amekwisha maliza kazi yake mwanzoni kabisa, alipomfunga Tommy Sugiarto. Mohammad Ahsan na Hendra Setiawan wakasawazisha upande wa Indonesia. Jan Ø. Jørgensen akamfunga Anthony Ginting, ikawa 2–1. Angga Pratama na Ricky Karanda Suwardi wakasawazisha tena. Ikabaki namba tatu kwa namba tatu: Vittinghus, miaka 30, na kijana Ihsan Maulana Mustofa, miaka 20. Vittinghus akashinda 21–15, 21–7.

Waambie wanafunzi wairudie mechi hiyo peke yake, hasa seti ya pili. Pointi saba kwenye fainali ya dunia! Ihsan alikuwa mchezaji mzuri sana, lakini mwenzake alikuwa mtu mzima aliyeizoea presha ya mechi ya mwisho. Nusu fainali dhidi ya Malaysia nayo ilifika 2–2, na aliyeimaliza alikuwa huyo huyo Vittinghus.

Sasa fikiria jambo hili. Nchi yoyote inaweza kujaliwa nyota mmoja. Hispania walijaliwa Carolina Marín, bingwa wa Olimpiki ya 2016 na bingwa wa dunia mara tatu, lakini kwenye makombe ya timu Hispania haijawahi kukaribia. Kombe la timu linataka namba tatu, tena linataka na jozi mbili za kuaminika. Kwa hiyo swali la kwanza la wanafunzi wako mimi naliuliza hivi: nchi ya watu milioni 5.7 inampata wapi namba tatu?

Anatoka ukumbini, mwalimu. Huku baridi na giza la miezi mingi linawafungia watu ndani, na sheria inazitaka halmashauri kuvipa vyama vya hiari mahali pa kufanyia shughuli, hasa za watoto na vijana. Ukumbi wetu sakafu yake ina mistari ya kila rangi: ya mpira wa mikono, ya kikapu, ya badminton. Jioni wakitoka wale wa mpira wa mikono, zinasukumwa nguzo za wavu zenye magurudumu, na kabla jasho la wenzao halijakauka viwanja vya badminton vimeshasimama. Wanaanza watoto, wanafuata vijana, kisha watu wazima, na usiku wanaingia wazee ambao wamecheza pamoja tangu ujana wao. Wote hao ni klabu moja. Ada si kubwa, na wengi wanaofundisha watoto ni wazazi tu kama mimi, hatulipwi.

Kuna kitu kimoja kidogo ningependa wanafunzi wako wakijue. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata au bata bukini, uzito wake gramu tano hivi, na kinaharibika upesi sana. Mechi moja ya wakubwa inaweza kumaliza mkebe. Hapa klabuni kinyoya kilichovunjika unyoya mmoja au miwili hakitupwi. Kinarudi kwenye mkebe, mkebe unaandikwa kwa kalamu nene, unawekwa kabatini chini ya ngazi. Jumamosi sisi tunavitoa kwa watoto. Salma amejifunza kupiga kwa vinyoya vilivyoachwa na watu wa ligi, na alikuwa akijua kabisa kipi kilipigwa na nani.

Jambo la pili ni umri. Kijana wa miaka 15 akichangamka hatengwi na watu wazima. Anapangiwa uwanja mmoja na baba wa watu, aliyewahi kucheza ligi zamani, goti bovu, tumbo limeanza kutoka. Yule baba harukiruki. Anasimama katikati na kumpeleka kijana kona nne za uwanja mpaka kijana anashika kiuno. Mwaka mzima wa jioni kama hizo, na kijana anajifunza kusubiri.

Wachache wanaovuka wanakwenda Brøndby, karibu na Copenhagen, kwenye kituo cha mazoezi cha timu ya taifa. Kule, enzi za timu ile ya 2016, aliye namba moja, namba mbili na namba tatu walikuwa wakifanya mazoezi pamoja siku nenda siku rudi, ingawa kwenye ligi ya nyumbani kila mmoja alichezea klabu yake na hawakupeana nafasi. Mwaka 2016 kocha wao wa mmoja mmoja alikuwa Kenneth Jonassen, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji katika timu iliyopoteza fainali ya 2004 kwa China.

Maana hilo nalo walijue: kombe halikuja kirahisi. Thomas Cup ya kwanza kabisa, mwaka 1949 kule Preston, Uingereza, Denmark walifika fainali wakafungwa 8–1 na nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Enzi hizo pambano lilikuwa mechi tisa. Mwaka 1964, zama za Erland Kops aliyebeba mashindano makongwe ya All England mara saba, walipoteza Tokyo kwa Indonesia 5–4, mechi moja tu. Mwaka 1979 Jakarta walitandikwa 9–0. Ukizijumlisha na za 1955, 1973, 1996, 2004 na 2006, ni fainali nane walizofungwa. Ya 2016 ilikuwa ya tisa.

Fundi_Hamadi_Dubai

Dada yangu Mama Salma, Mungu akuzidishie. Mimi ni Mzanzibari, fundi wa viyoyozi huku Dubai, na badminton nacheza na Wahindi na Wafilipino usiku baada ya kazi. Axelsen alikuja kuwa jirani yetu. Alihamia Dubai mwaka 2021 baada ya dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, alipomfunga Chen Long 21–15, 21–12, na mazoezi akawa anafanya pale Nad Al Sheba. Paris 2024 akaongeza dhahabu nyingine, 21–11, 21–11 juu ya Kunlavut Vitidsarn wa Thailand.

Ila mimi nimekuja kwa sababu ya ule upepo wa Tanga, mwalimu. Usidhani wenzetu wa ukumbini hawana upepo. Hewa ya kiyoyozi ikitoka kwa nguvu upande mmoja na kufyonzwa upande wa pili, kinyoya kinasukumwa nusu mita bila mpigaji kukosea. Kwenye kumbi kubwa ndiyo balaa, kwa sababu mashine ni kubwa na watazamaji maelfu wanatoa joto. Ndiyo maana wachezaji wanabadilishana upande kila seti, na seti ya tatu wanabadilishana tena mmoja akifikisha 11. Mimi nikitazama mechi, kabla ya yote naangalia bendera zilizoning'inizwa darini. Zikitikisika, najua upande mmoja watapiga kwa kujizuia na upande wa pili watapiga kwa nguvu zote. Wadenmark wanalisoma hilo vizuri sana. Mwangalie Axelsen dakika za kupasha misuli, anapiga mipira mirefu ya juu pande zote mbili huku anafuata kinyoya kwa macho mpaka kianguke.

Halafu ukija kupata vinyoya vya manyoya, tazama namba ya kasi kwenye mkebe. Utakuta 75, 76, 77 au 78. Hewa ya joto ni nyepesi, kinyoya kinakwenda mbali, kwa hiyo Tanga chukua namba ya chini. Nairobi pia namba ya chini, kwa sababu ya mwinuko. Ulaya kwenye baridi wanapanda juu. Na mkicheza ndani, zimeni mapangaboi yote.

Okello_Kampala

Mama Salma umeeleza vizuri, lakini naona umeipitia pesa kwa haraka. Denmark ni nchi tajiri. Halmashauri inajenga ukumbi, inaweka taa, inaweka joto. Wanawake wa Uganda walicheza Uber Cup, kombe la timu za wanawake, mwaka 2024 kule Chengdu, China, kundi moja na Japan, Indonesia na Hong Kong. Nilikesha nikiwatazama. Wasichana wale walijitoa kwa kila kitu, lakini wanakutana na watu ambao tangu utotoni wana kocha, daktari na vinyoya vipya kila asubuhi. Kumwambia mwalimu wa Tanga kwamba siri ni wazazi wa kujitolea, naona kama tunamwonea.

Mama_Salma_Aarhus

Ndugu Okello, hongera kwa wale wasichana, na neno lako nalipokea. Pesa ipo na inafanya kazi. Bila ukumbi wenye joto hakuna hata hadithi.

Lakini Norway wana pesa kuliko Denmark, wana baridi zaidi, wana kumbi. Uswisi vivyo hivyo. Wote hao hawajawahi kufika fainali ya Thomas Cup. Pesa inajenga ukumbi. Kumleta yule baba mwenye goti bovu kila Jumanne usiku, miaka na miaka, kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine, hiyo haitoki kwenye bajeti ya halmashauri. Klabu nyingi hapa zina wazee wa namna hiyo kwa sababu nao walifanyiwa hivyo, na badminton imeota mizizi huku tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Chama cha taifa kilianzishwa 1930, na mwaka 1934 Denmark walikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizoanzisha shirikisho la dunia.

Wala sisemi wameshika dunia. Oktoba 2021 Thomas Cup ilichezwa hapa kwetu Aarhus, iliyokuwa imeahirishwa kwa sababu ya korona. Tulikwenda na Salma kuona nusu fainali ya Denmark na Indonesia. Waindonesia waliokuja kutoka kila pembe ya Ulaya walijaza upande mmoja wakaimba mwanzo mwisho. Axelsen alishinda ya kwanza. Kisha ikaja zamu ya Anders Antonsen, kijana wa hapa hapa Aarhus, na Jonatan Christie. Ukumbi mzima ulisimama. Seti tatu, Antonsen akapoteza, na Indonesia wakaondoka na ushindi wa 3–1 kisha wakachukua kombe. Salma alilia garini, na mimi sikumnyamazisha.

Mwalimu_Tanga

Nawashukuru sana nyote. Kaka Hamadi, suala la namba ya mkebe sikuwahi kulisikia popote, nimelinakili. Nimewasomea wanafunzi leo. Wasichana wamenituma niulize: mbona wanawake wa Denmark hawatajwi? Na mimi naongeza: kwa hali yetu, bila ukumbi, kipi katika hayo naweza kukianza Jumatatu?

Mama_Salma_Aarhus

Wasichana wana haki kuuliza, na mimi mwenye binti ndiyo nilipaswa kuanza nao.

Bingwa wa kwanza wa dunia kwa wanawake, mwaka 1977 kule Malmö, alikuwa Mdenmark, Lene Køppen. Alishinda mmoja mmoja na akashinda wawili wawili wa mchanganyiko pia, pamoja na Steen Skovgaard, na alisomea udaktari wa meno. Mwaka 1999 Camilla Martin akawa bingwa wa dunia akiwa nyumbani Copenhagen, na mwaka 2000 akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Sydney. Mwaka 2016 Kamilla Rytter Juhl na Christinna Pedersen walipata medali ya fedha ya wawili wawili kwenye Olimpiki ya Rio.

Lakini Uber Cup, lile kombe la timu za wanawake, hawajalishika. Fainali tatu, 1957, 1960 na 2000, zote walifungwa. Leo wanao kina Mia Blichfeldt na Line Kjærsfeldt, wachezaji wa kumsumbua yeyote siku yao, lakini nyuma yao hakuna wachezaji wengi kama kwa wanaume. Sababu moja naiona kwa macho yangu ukumbini. Mpira wa mikono wa wanawake ni mapenzi makubwa huku. Timu yao ilibeba dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo, 1996, 2000 na 2004. Ni ukumbi ule ule, jioni zile zile, na msichana wa miaka 12 mwenye mbio na mkono mzuri anatakiwa pande zote mbili. Kwenye mpira wa mikono anapata wenzake kumi na kitu wa rika lake. Kwenye badminton pengine anakuta yuko na wavulana watupu. Kundi la Salma lilianza na wasichana wengi, leo wamebaki wachache, na kila akiondoka mmoja mimi huumia. Namba tatu wa wanawake anapotelea hapo. Kwa hiyo mwalimu, usimwache msichana abaki peke yake kwenye kundi. Wapange wawili wawili, wajijue ni jozi, hata atakayetaka kuacha atamfikiria mwenzake.

Kuhusu Jumatatu. Waite wahitimu wa shule yako waliowahi kucheza, hata wenye ajira na vitambi, waje siku moja kwa wiki wacheze na wanafunzi, na siyo kuwafundisha tu. Shirikisho la dunia lina programu ya shule inayoitwa Shuttle Time, mafunzo ya walimu na vitini vyake ni bure, na imeandaliwa kwa watoto wasio na vifaa vingi. Vinyoya vya plastiki vinatosha kabisa kwa miguu na kwa kona nne.

Na mkicheza na shule nyingine, msicheze bora dhidi ya bora halafu mkarudi nyumbani. Wekeni mechi tano kama Thomas Cup, kwa mpangilio ule ule, namba tatu acheze mwisho. Mtoto huyo akishajua kuwa pambano zima linaweza kumwangukia yeye, utaona anavyofanya mazoezi.

Waonyeshe pia nusu fainali ya 2022 kule Bangkok, Denmark na India. Ilifika 2–2 vile vile. Safari hii namba tatu wa Denmark alikuwa Rasmus Gemke, wa India H. S. Prannoy. Prannoy alipoteza seti ya kwanza 13–21, akateleza akaumia kifundo cha mguu, akaendelea hivyo hivyo akashinda 21–9, 21–12. India wakaingia fainali na kulibeba kombe kwa mara ya kwanza.

Ukipata ukumbi wowote wenye dari ndefu, hata wa mikutano, niandikie kwa ujumbe wa ndani. Lile kabati la chini ya ngazi lina mikebe mingi, na kuna ndugu zetu wanaosafiri kwenda Mombasa likizo ya Desemba.